Kodi na Nauli Zinatoka Mfuko Mmoja

Jioni hii tuzungumze kuhusu bei ya barabara. Gharama ya lami na kokoto tuwaachie wakandarasi. Mimi nataka tuangalie kile ambacho wewe na jirani yako mnalipa ili mtoke nyumbani na mrudi: nauli ya daladala, boda ya kutoka stendi hadi mlangoni, mafuta ya gari kwa mwenye gari, tozo ya daraja, na saa zinazoishia kwenye foleni. Kodi ya nyumba na nauli zinatoka mfuko mmoja, na kila familia mjini inalijua hilo. Wanaopanga nauli na tozo wanafanya kazi kana kwamba ni mifuko miwili. Bei ya barabara ikibadilika, watu wanahama, au wanashindwa kuhama, na hakuna kikao kilichokaa kuamua kwamba wahame.

Tuanze na hesabu ambayo mpangaji yeyote wa Dar es Salaam amewahi kuipiga. Desemba 2023 nauli mpya za daladala zilitangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, na safari isiyozidi kilomita 10 ikapanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Mchukue mtu anayeunga magari mawili kwenda kazini na mawili kurudi. Kwa uchache ni shilingi 2,400 kwa siku. Akifanya kazi siku 26, mwezi unamalizika akiwa ametoa 62,400. Wakati nauli hizo zinatangazwa, kima cha chini cha mshahara katika viwanda na biashara kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, kwa mujibu wa amri iliyoanza Januari mwaka huohuo. Zaidi ya theluthi ya mshahara imekwisha barabarani kabla ya unga, kabla ya mkaa, kabla ya kodi yenyewe. Na hapo sijaweka boda.

Ukishaiona hesabu hiyo, utaelewa kwa nini chumba kidogo cha Manzese, Buguruni au Keko hakikosi mpangaji. Kwa fedha ileile mtu angepata vyumba viwili na uwanja wa kuanikia nguo kule Chanika, pembezoni mwa jiji. Anajua. Dalali ameshampeleka akapaona, na akamwambia, "Mama, hapa hadi stendi ni dakika tano tu." Asichosema dalali ni kwamba hizo dakika tano ni za bodaboda, na boda hiyo inalipwa asubuhi na jioni. Basi mama yule anarudi Manzese, kwa sababu kutoka Manzese anaweza kwenda Kariakoo kwa miguu siku ambayo mfukoni hamna kitu. Kodi kubwa ya mjini ndani yake kuna nauli iliyokwisha kulipwa.

Hili tuliwahi kulishuhudia wazi kabisa, na naona hatujalitafakari vya kutosha. Desemba 2011 mafuriko yalilikumba bonde la Msimbazi, watu wakafa na nyumba zikabebwa na maji. Serikali ikawapatia waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini ya jiji, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya mji. Viwanja vya bure, ardhi ya juu isiyofikiwa na mafuriko. Kwa anayetazama ramani tu, huo ulikuwa msaada usio na kasoro. Lakini waliohamishwa walikuwa watu wa kuuza samaki, kufua nguo za watu, kubeba mizigo, kusaidia fundi; riziki yao ilikuwa Kariakoo, Ilala na Magomeni, na ilikuwa riziki ya kutafutwa upya kila kunapokucha. Mtu wa kibarua hana uhakika kwamba leo atapata kazi, ila nauli ya kwenda kuitafuta ataitoa kwa hakika. Wapo waliovumilia na leo Mabwepande ni kwao. Wapo pia walioviuza au kuviacha viwanja vile wakarudi bondeni, kwenye maji yaliyokuwa yamewafukuza. Tuliwasema sana. Tuliwaita wabishi. Mimi naamini walikuwa wanajua hesabu kuliko sisi: kiwanja kilikuwa bure, safari haikuwa bure, na safari inalipwa kila siku ya Mungu.

Sasa tuvuke maji, twende Kigamboni, kwa sababu huko ndiko bei ya barabara ilikobandikwa hadharani, kwenye kibanda, kwa shilingi kamili.

Kwa miaka mingi Kigamboni ilikuwa karibu kwa macho na mbali kwa miguu. Ukisimama Kivukoni unaiona ng'ambo, miti na mapaa ya nyumba, lakini ili ufike unapanga foleni ya pantoni, unalipa shilingi 200, unasubiri. Pantoni ikiharibika, unasubiri zaidi, au unazunguka kwa barabara kupitia Kongowe, na safari hiyo ni ndefu. Usumbufu huo ulikuwa na faida moja: uliifanya ardhi iwe ya bei nafuu. Mwalimu, muuguzi, karani, watu ambao Mikocheni hawangeweza hata kuulizia bei, walinunua viwanja Kibada, Gezaulole na Mjimwema, wengine kupitia mradi wa serikali wa viwanja 20,000, wengine kwa wenyeji, wakawa wanajenga kidogokidogo, msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao.

Aprili 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere, ambalo wengi tunaliita Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, kutoka Kurasini hadi ng'ambo. Asilimia 60 ya gharama ilitoka Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na asilimia 40 serikalini. Fedha za NSSF ni akiba za wafanyakazi, ni pensheni za watu, na lazima zirudi. Ndiyo sababu ya tozo. Mwenda kwa miguu anapita bure, lakini pikipiki ililipa shilingi 600 kila inapovuka na bajaji 1,500, na magari yakapanda kwa ukubwa wake.

Watu walihamia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 162,000 katika eneo ambalo baadaye lilikuja kuwa Manispaa ya Kigamboni. Sensa ya 2022 ikahesabu 317,902. Ni karibu mara mbili kwa miaka kumi, wakati Dar es Salaam nzima iliongezeka kwa chini ya robo, kutoka watu milioni 4.36 hadi milioni 5.38. Sitasema ni kazi ya daraja peke yake. Mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, uliotangazwa 2008, ulikuwa umewafunga watu mikono wasiendeleze maeneo yao kwa miaka kadhaa, na ulipolegea walijenga kwa kasi. Ila mwenye kiwanja Kibada asingehamisha familia na watoto wa shule kabla ya kuwa na njia ya kuingia mjini isiyotegemea pantoni.

Hapa, msikilizaji, ndipo nataka tukae kidogo. Tozo ya daraja haikumwangukia kila mtu kwa namna moja. Mtu aliyenunua kiwanja baada ya 2016 alikwenda akiijua tozo, akaiweka kwenye hesabu na kupatana bei. Yule aliyemuuzia ndiye aliyeibeba sehemu ya tozo, kwa kupokea fedha pungufu. Mpangaji naye aliingia akiijua. Ikimshinda, kodi ya miezi sita inapokwisha anahama. Aliyebanwa hasa ni yule wa tatu: aliyejenga zamani, akaivumilia pantoni miaka yote, akategemea kwamba daraja litakapokuja litamfungua. Likaja, na malipo yake. Hawezi kuibeba nyumba mgongoni akahama nayo. Akiiuza, mnunuzi ataikata tozo kwenye bei. Akibaki, atalipa asubuhi na jioni mpaka astaafu. Huyu ndiye niliyekuwa nikimsikia akilalamika, na nadhani alikuwa na haki ya kulalamika.

Alikuwa na hoja ya pili pia. Madaraja ya Mfugale pale Tazara, Kijazi pale Ubungo, na baadaye Tanzanite, yote hayo watu wa Dar es Salaam wanapita bila kutoa senti. Mkazi wa Masaki anavuka maji kwa Tanzanite bure, mkazi wa Tungi, Kigamboni, anavuka maji kwa kulipa. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba daraja moja lilijengwa kwa fedha za mfuko wa pensheni na mengine kwa fedha za serikali, mikopo na misaada. Jibu hilo ni sahihi kwa mhasibu. Kwa mwenye nyumba halimsaidii, kwa sababu yeye hakuchagua daraja lake lijengwe kwa fedha ipi. Marehemu Dkt. Faustine Ndugulile, aliyekuwa mbunge wa Kigamboni, aliisemea tozo hii bungeni mara nyingi. Mwaka 2022 serikali ikapunguza: pikipiki kutoka 600 hadi 300, bajaji kutoka 1,500 hadi 500, magari nayo yakashuka, na ukawekwa utaratibu wa kulipia kwa wiki au mwezi.

Tupige hesabu tena. Mwenye pikipiki anayekwenda mara moja na kurudi kwa siku 26 alikuwa akilipa 31,200 kwa mwezi. Sasa ikawa 15,600. Kwa familia ya kipato kidogo hiyo tofauti ni ada ya tuisheni, ni gesi. Lakini jiulize tofauti hiyo hatimaye inabaki kwa nani. Kwa mwenye nyumba yake inabaki kwake. Kwa mpangaji inabaki mpaka mkataba unapokwisha, kisha mwenye nyumba akiona watu wanaulizia vyumba zaidi anaongeza kodi, na fedha iliyotolewa kwenye tozo inaingia kwenye pango. Sisemi tozo isipunguzwe. Nasema kwamba anayetaka kumsaidia mpangaji kwa kupunguza tozo ahakikishe pia kuna nyumba za kutosha za kupanga, la sivyo amemsaidia baba mwenye nyumba.

Mawazo haya si mapya. Mkulima mmoja Mjerumani, Johann Heinrich von Thünen, aliyaandika mwaka 1826 akiangalia mashamba: mazao mazito au yanayoharibika haraka hulimwa karibu na soko, kwa kuwa gharama ya kuyasafirisha hula faida, na shamba la karibu hulipiwa kodi kubwa. Mwaka 1964 mwanauchumi William Alonso akaihamisha hoja hiyo mijini, akaweka watu na makazi mahali pa mazao. Nyumba ikiwa mbali, kodi hushuka mpaka ifidie safari. Punguza gharama ya safari, mji unatanuka; iongeze, watu wanasogea ndani, au wanabanana. Ila Alonso alidhani kila mtu ana kazi moja, katikati ya mji, na mshahara wa uhakika. Wengi wa wakazi wa miji yetu hawako hivyo. Kibarua wa Mabwepande hakuwemo kwenye kitabu chake.

Tukitazama miji mingine iliyotoza barabara, naona tofauti ambayo wasemaji wetu huipita haraka. Singapore ilianza 1975, dola tatu za huko kwa gari binafsi linaloingia katikati ya mji asubuhi, na gari lenye watu wanne au zaidi likasamehewa. London ikafuata Februari 2003 kwa pauni tano. Stockholm ikajaribu kuanzia Januari 2006, magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa takribani moja ya tano, na wakazi wakaulizwa kwa kura Septemba mwaka huo kabla utaratibu haujawa wa kudumu mwaka uliofuata. Kote huko tozo ilikusudiwa kupunguza foleni, na aliyeshindwa kulipa alikuwa na basi au treni ya kupanda. Singapore ilikwenda mbele zaidi: serikali hiyohiyo iliyotoza barabara ndiyo iliyokuwa ikijenga nyumba za wananchi, na leo wakazi wengi wa kisiwa kile wanaishi humo. Bei ya barabara na mahali pa kuishi vilikaa meza moja. Tozo ya Kigamboni imewekwa ili kurejesha fedha za ujenzi. Saa moja asubuhi na saa sita usiku ni bei ileile. Foleni haimo kwenye hesabu yake. Kwa hiyo mtu asituambie tunafanya kama Stockholm.

Majirani zetu wa Nairobi wana somo lao. Barabara ya Thika ilipopanuliwa na kuzinduliwa 2012, bila tozo, watu waliifuata. Mji wa Ruiru, ulio kandokando yake na uliokuwa na wakazi wapatao 239,000 katika sensa ya 2009, ulihesabiwa kuwa na 490,000 mwaka 2019. Mashamba ya kahawa yakageuka maghorofa ya kupangisha. Kisha Mei 2022 ikafunguliwa Nairobi Expressway, kilomita 27 hewani na ardhini kutoka Mlolongo hadi Westlands, na hii ni ya kulipia. Gari dogo kwa safari nzima lililipa shilingi 360 za Kenya, na kuanzia Januari 2024 ikawa 500. Anayeitumia kwenda na kurudi siku 22 za kazi alikuwa akitoa 15,840 kwa mwezi. Kwa bei hiyo mpya ikawa 22,000. Ukitazama matangazo ya nyumba za Syokimau na Mlolongo, utaona Expressway imetajwa pamoja na maji na ulinzi, kama sehemu ya nyumba. Na kweli ni sehemu ya nyumba, isipokuwa bei yake inaweza kupanda baada ya wewe kusaini mkopo wa miaka ishirini.

Chini ya nguzo zake, kwenye Mombasa Road, matatu bado zinasukumana. Abiria wa matatu na mwenye gari wanaishi Mlolongo mmoja, na kwa ramani wako umbali sawa na mji. Kwa maisha hawako sawa: mmoja amenunua saa nzima ya kulala na ya kukaa na wanawe. Na Nairobi watu wengi huenda kwa miguu, katika zaidi ya theluthi ya safari zote za kila siku. Hao makao yao yamepimwa kwa nguvu za miguu yao, na ndiyo maana mtaa wa mabanda wa Mukuru uko ubavuni mwa viwanda.

Nimesema nitagusa saa. Katika Dar es Salaam, saa ndizo zinazomgharimu mwanamke zaidi. Kaya inapohamia Goba au Mbezi ndani kwa sababu kiwanja ni nafuu, baba anaamka saa kumi alfajiri kwenda kazini, na hilo tunalisimulia kwa sifa. Mama aliyekuwa na meza ya nyanya Sinza mara nyingi anaiacha, kwa kuwa hawezi kumwandaa mtoto wa shule, kusafiri saa mbili, kufungua biashara na kurudi kabla ya giza. Kipato chake kinakatika siku ya kuhama. Wakati wa kulinganisha bei za viwanja, nani aliandika hasara hiyo kwenye karatasi? Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, kwa nauli ya shilingi 650 kwenye njia kuu, watu wa Kimara walirudishiwa saa zao, na nyumba zilizo karibu na vituo zikawa za kugombewa. Mabasi yalipopungua na misongamano kurudi vituoni, saa zile zilichukuliwa tena, lakini kodi haikushuka.

Kiwanja unanunua mara moja na kujenga kwa miaka kumi. Nauli hubadilika kwa tangazo la siku moja. Anayepanga nauli ana haki ya kubadili mawazo, aliyejenga hana. Kwa sababu hiyo naona ni dhuluma kutangaza tozo baada ya watu kujenga, wakati ingewezekana kuitangaza kabla.

Na nafasi ya kufanya hivyo bado ipo. Serikali imepanga barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha kwenda Chalinze na Morogoro, kwa ubia na sekta binafsi. Reli ya kisasa nayo, tangu Juni 2024, inakwenda Morogoro, na nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 13,000. Hivi sasa, Mlandizi na Chalinze, madalali wanatembeza watu kwenye vichaka na kuwaonyesha vigingi. Wanunuzi wengi ni vijana wanaofanya kazi Dar es Salaam. Wanaambiwa barabara inakuja. Hawaambiwi itakuwa ya kiasi gani.

Basi wizara inayohusika ituambie mapema, kabla ya vigingi kugeuka misingi. Basi la abiria litalipa kiasi gani, na nauli ya kutoka Chalinze itakuwaje? Mkazi anayepita kila siku atakuwa na bei yake, kama ilivyokuja kufanyika Kigamboni baada ya miaka sita ya malalamiko? Barabara ya zamani itabaki bila malipo na itaendelea kukarabatiwa, au itaachwa iwe mashimo ili watu wasukumwe kwenye ile ya kulipia? Tozo inaweza kupanda mara ngapi katika miaka ya mkataba, na kwa kipimo gani? Wewe unayenisikiliza ukiwa umekwisha kutoa malipo ya awali ya kiwanja huko, maswali haya yapeleke kwa diwani wako na kwa mbunge wako kabla ya kumaliza kulipa.